Kutibiwa meno nje ya nchi kwa gharama nafuu: mfupa wa taya hausomi tiketi

Wengi wanaotaka kutibiwa meno nje huanza na tiketi. Wameona tangazo, tabasamu jeupe kama karatasi, bei nusu ya ile waliyotajiwa kwao au chini ya hapo. Wanahesabu siku za likizo, wanalipa nauli, ndipo wanamwandikia daktari: nina siku saba, unaweza kunifanyia nini? Hapo mambo yamekaa kichwa chini miguu juu. Mfupa wa taya hausomi tiketi, na fizi iliyokatwa haijui kwamba likizo yako inaisha Jumapili. Panga safari kwa muda wa kupona, na utajua mapema kama huo unafuu upo kweli.

Unafuu wenyewe hauna uchawi. Kazi ya meno ni mikono ya watu: daktari, msaidizi wake, fundi wa maabara anayetengeneza kofia (ganda gumu linalofunika jino lote) na meno bandia. Penye mishahara midogo na pango nafuu, kofia ile ile ya zirkonia, aina ya kauri ngumu, hutoka kwa bei ndogo, hata kama malighafi imetoka kiwanda kimoja. Ndiyo maana Los Algodones, mji mdogo wa Meksiko ulio mpakani karibu na Yuma, Arizona, una mamia ya madaktari wa meno katika mitaa michache tu. Wagonjwa huegesha gari upande wa Marekani, wakavuka kwa miguu. Waaustria nao kwa miaka mingi wamekuwa wakienda Sopron na Mosonmagyaróvár, miji ya Hungaria iliyo jirani na mpaka wao. Lakini hao wana bahati moja: kofia ikiwabana, wanarudi wiki ijayo. Anayekaa saa nane ndani ya ndege kwenda Istanbul au Bangkok hana nafasi hiyo. Mwongozo huu ni wake zaidi.

Hatua ya 1: Jua una tatizo gani kabla hujaanza kutafuta bei

Lipia uchunguzi kamili hapo hapo ulipo. Najua inauma kutoa pesa kwa daktari ambaye hutampa kazi, lakini bila uchunguzi huo utakuwa unanunua kwa kubahatisha. Unahitaji eksirei ya taya nzima, eksirei ndogo za meno yenye shida, na vipimo vya fizi, yaani kina cha mfuko kati ya fizi na jino, kwa milimita, jino kwa jino. Omba mafaili yenyewe ya kompyuta. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haimsaidii mtu. Imepotea nusu ya kile daktari anachotaka kukiona.

Fizi zikivuja damu ukipiga mswaki, tibu hizo kwanza. Kuweka kofia za bei mbaya juu ya fizi zinazooza ni kupaka rangi ukuta wenye unyevu. Ukivuta sigara, jua pia kwamba vipandikizi (skrubu za kwenye mfupa zinazoshikilia meno bandia) hufeli zaidi kwa wavutaji, na kliniki inayokwepa kukuambia hivyo inataka pesa yako tu.

Andika vilevile karatasi moja ya afya yako: dawa unazotumia na dozi zake, mzio (hasa wa penisilini), kisukari pamoja na kipimo chako cha karibuni cha sukari ya miezi mitatu, shinikizo la damu, matatizo ya vali za moyo, ujauzito. Kuna dawa mbili zinazosahaulika sana. Ya kwanza ni zile za kuzuia damu kuganda. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, aliyekuandikia ndiye anayesema. Ya pili ni dawa za kuimarisha mifupa za kundi la bisfosfoneti, hasa za sindano. Mtu anayezitumia aking'olewa jino, mfupa wa taya unaweza kukataa kupona na kuanza kufa. Daktari wa ng'ambo asipokuuliza habari hizi kabla ya kutaja bei, weka alama nyekundu.

Ikiwa uchunguzi umeonyesha jino moja la kuziba, ishia hapa. Nauli itameza unafuu wote. Safari huanza kuwa na maana pale kazi ni kubwa: vipandikizi kadhaa, kofia nyingi, taya nzima isiyo na meno.

Hatua ya 2: Pima muda wa kupona, ndipo upime likizo

Kofia kwenye jino lililo hai huchukua kama wiki moja: siku ya kuchonga na kuchukua vipimo, siku kadhaa za maabara, siku ya kujaribu, siku ya kugundisha. Ziko kliniki zenye mashine inayochonga kofia siku hiyo hiyo, na kwa jino moja au mawili hazina ubaya. Matibabu ya mzizi humalizika kwa kikao kimoja au viwili, ila jino lililokuwa na usaha lipe siku chache za kuangaliwa kabla ya kufunikwa.

Kipandikizi, au implanti kama wengi wanavyoiita, kina kalenda yake. Ni skrubu ya titani inayozamishwa kwenye mfupa. Msweden Per-Ingvar Brånemark aliona titani ikishikamana na mfupa wa sungura katika miaka ya 1950, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wake wa kwanza. Teknolojia imesonga tangu hapo, mwili wa binadamu ni ule ule. Siku ya kwanza skrubu inashikiliwa na mfupa wa zamani kwa kubanwa tu. Kisha mwili huanza kuula ule mfupa uliobanwa na kujenga mpya, na kati ya wiki ya pili na ya nne mshiko hushuka kabla ya kupanda tena. Mgonjwa kwa kawaida hasikii chochote. Anajiona amepona, anatafuna karanga upande ule, skrubu inatikisika kidogo kidogo, na badala ya mfupa unaizunguka nyama laini. Ndiyo maana husubiriwa miezi mitatu hadi sita, taya la juu likihitaji muda zaidi kuliko la chini kwa sababu mfupa wake ni laini.

Kwa hiyo kipandikizi ni safari mbili. Ya kwanza kuweka skrubu, ya pili kuweka jino. Kama mfupa ni mwembamba na unahitaji kuongezwa kwanza, huenda zikawa tatu. Tangazo la "meno mapya kwa siku moja" lipo na si uongo mtupu, kwa kuwa taya nzima inaweza kushikiliwa na skrubu nne na ukaondoka na meno mdomoni. Lakini meno hayo kwa kawaida ni ya muda, ya plastiki. Yale ya kudumu utayarudia baada ya miezi, na bei yake iulize leo.

Hatua ya 3: Dai mpango wa maandishi, jino kwa jino

Tuma mafaili kwa kliniki tatu hivi. Unachotaka kila moja ikurudishie ni mpango unaotaja kila jino kwa namba, kitakachofanywa, kwa malighafi gani, kwa bei gani, na kwa siku ngapi.

Kwenye namba, fungua macho. Mimi nusura niumie hapo. Barua ya daktari wangu ilisema jino namba 14 linahitaji kofia, naye alihesabu kwa mtindo wa Kimarekani, unaoanzia gego la mwisho juu kulia, 1, ukizunguka hadi 32. Kwa hesabu hiyo 14 ni gego kubwa la kwanza juu kushoto. Kliniki niliyoiandikia ilitumia mtindo wa kimataifa wa tarakimu mbili: ya kwanza inataja robo ya kinywa, ya pili inahesabu kutoka katikati ya meno ya mbele. Kwao 14 ni gego dogo juu kulia, na langu lilikuwa zima kabisa. Wakanitumia bei safi, yenye muhuri, ya kuchonga jino zima upande usiouma. Nilishtuka kwa sababu tu walikuwa wameambatanisha mchoro wa kinywa wenye duara jekundu mahali pasipo pake. Jino langu kwao lilipaswa kuandikwa 26. Tangu siku hiyo naandika namba pamoja na maneno: juu kushoto, gego kubwa la kwanza.

Ukipata bei, isome kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Kipandikizi kina sehemu tatu: skrubu, kiunganishi kinachochomoza juu ya fizi, na kofia yenyewe. Matangazo mengi yenye bei ya kutupa yanataja skrubu peke yake, na mgonjwa hugundua safari ya pili kwamba ana skrubu tatu zisizo na meno. Uliza kama bei ina kung'oa, kuongeza mfupa, picha ya pande tatu ya taya, kofia za muda na dawa. Uliza kofia ni ya nini: zirkonia nzima, kauri ya kioo, au porseleni juu ya chuma. Zote zinafaa mahali pake, ila bei zake hazilingani. Uliza pia skrubu ni ya kampuni gani, na upendelee mfumo unaojulikana katika nchi nyingi, kama Straumann, Nobel Biocare au Osstem. Sababu ni ya kifundi tu: kila mfumo una bisibisi yake, na siku kiunganishi kikilegea, daktari aliye karibu nawe lazima awe na bisibisi hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, omba kofia inayofungwa kwa skrubu inapowezekana, kuliko ya kugundishwa. Inafunguka bila kuvunjwa, wala haiachi mabaki ya gundi chini ya fizi yakachokoza uvimbe.

Sasa jambo ambalo kwangu ni la kufa na kupona. Mpango ukisema kofia ishirini kwa mtu ambaye meno yake ni mazima, hataki ila weupe na mstari ulionyooka, kimbia. Vinia ni ganda jembamba la mbele. Kwalo hupunguzwa takriban nusu milimita ya jino, pengine chini ya hapo. Kofia inazunguka jino lote, na ili ikae, jino huchongwa kila upande hadi kubaki kisiki. Picha za vijana wenye visiki vilivyochongoka zilienea mitandaoni na kuipa Uturuki jina baya, ingawa nchi hiyo ina madaktari hodari wengi. Kosa lilikuwa kuuza kofia kwa jina la vinia, kwa haraka, kwa watu waliohitaji kung'arisha tu au kunyoosha meno kwa waya. Kofia huhesabiwa kudumu miaka kumi hadi kumi na tano, nyingine zaidi. Aliyewekewa ishirini akiwa na miaka 22 atazibadilisha mara kadhaa maishani, na kila mara jino lenyewe linabaki dogo zaidi.

Hatua ya 4: Mchunguze daktari, jengo acha

Sakafu ya marumaru na kahawa ya bure havitibu jino. Pata jina kamili la atakayekushika kinywa, kisha litafute kwenye daftari la baraza la madaktari wa meno la nchi ile. Nchi nyingi zimeliweka wazi mtandaoni. Uturuki, tangu kanuni ya 2017, vituo vinavyohudumia wagonjwa wa kigeni vinatakiwa kuwa na cheti cha utalii wa afya kutoka Wizara ya Afya. Omba uone nakala. Uliza nani ataweka skrubu na nani ataweka kofia, na kama ni watu wawili, zungumza na wote wawili.

Dalali yupo karibu kila njia. Anapanga gari, hoteli, tafsiri, na wengine wanafanya kazi hiyo kwa uaminifu. Lakini dalali hasomi eksirei. Akikujibu yeye kila swali la kitabibu, na daktari haonekani hata kwa simu ya video ya dakika kumi, ujue utakutana na daktari wako kwa mara ya kwanza ganzi ikiwa tayari kwenye bomba. Kishika uchumba kikitakiwa, kiwe kidogo, kiende kwenye akaunti ya kliniki, na masharti ya kukirudisha yawe yameandikwa.

Dhamana nayo isome hadi mwisho. "Dhamana ya maisha" mara nyingi inafidia kipande cha kauri tu. Nauli, malazi na siku za kazi utakazokosa ni juu yako, na pengine inafutika usipokwenda kwao kila mwaka kukaguliwa.

Hatua ya 5: Jumlisha yote

Kwenye karatasi moja weka: matibabu, nauli za safari zote, malazi, visa, mtu wa kukusindikiza, siku za kazi zisizolipwa, uchunguzi wa kabla na wa baada. Ongeza fungu la dharura linalotosha safari moja zaidi. Kama jumla hiyo bado iko chini kabisa ya bei ya nyumbani, nenda. Zikikaribiana, tibiwa ulipo, hata kwa awamu. Kuwa na daktari unayeweza kumfikia Jumatatu asubuhi kuna thamani yake.

Visa na bima ni mafupi. Angalia kama nchi ina visa ya matibabu. India, kwa mfano, inaitoa kwa njia ya mtandao. Bima ya kawaida ya safari kwa kawaida hailipii matibabu uliyoyapanga mwenyewe wala matatizo yake. Wakazi wa Umoja wa Ulaya waulize bima zao kabla ya kusafiri, kwani kanuni za 2011 kuhusu matibabu ya kuvuka mipaka ndani ya Umoja huo zinaweza kuwarudishia sehemu ya gharama.

Hatua ya 6: Ukiwa kwenye kiti

Siku ya kwanza iwe ya kuangalia na kuzungumza. Mpango ukibadilika ghafla, meno manne yakawa kumi na mawili, omba kuonyeshwa kwenye eksirei kwa kidole, kisha omba muda hadi kesho. Nauli uliyokwisha lipa isikusukume kukubali.

Tazama vyombo vinatoka wapi. Vinapaswa kufunguliwa mbele yako kutoka kwenye pakiti zilizofungwa, zenye alama iliyobadilika rangi kuonyesha kwamba zimepita kwenye joto la mvuke.

Kofia za muda ndizo nafasi yako ya kusema. Kaa nazo siku mbili tatu. Ongea kwa sauti maneno yenye f, v na s. Jitazame karibu na dirisha, mchana, kwani taa ya kiti inadanganya rangi. Na siku ya kukagua jinsi meno yanavyokutana, ile ya kuuma karatasi ya rangi ili alama zionyeshe palipozidi, omba ifanyike tena ganzi ikiwa imeisha. Mtu mwenye nusu uso uliokufa ganzi anauma popote. Kofia iliyozidi hata kidogo inaweza kukuumiza taya kwa wiki kadhaa, au ikapasuka. Ndiyo maana siku ya kugundisha isiwe siku ya mwisho. Acha siku mbili kati yake na ndege.

Hatua ya 7: Kuruka na kupona

Baada ya kung'olewa jino kwa kawaida, subiri angalau siku moja au mbili kabla ya kupanda ndege, daktari akiridhika kwamba damu imekoma. Kama ameinua sakafu ya sinasi (uwazi wa hewa ulio juu ya magego ya juu) ili kuongeza mfupa hapo, hesabu ni nyingine: wengi hushauri wiki mbili au zaidi, na katika muda huo usipenge kamasi kwa nguvu, na chafya itoke mdomo ukiwa wazi. Jino lenye uwazi wa hewa ndani, kama la matibabu ya mzizi yaliyokatizwa katikati, linaweza kuuma vibaya sana shinikizo la hewa linaposhuka angani.

Maumivu yanayoongezeka siku ya tatu au ya nne, pamoja na harufu mbaya, mara nyingi ni dalili kwamba damu iliyoganda kwenye shimo imetoka na mfupa umebaki wazi. Usisukutue kwa nguvu, usivute sigara, usinywe kwa mrija. Uvimbe unaopanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, homa, shida ya kumeza au kupumua: hayo ni ya hospitali usiku huo huo, popote ulipo.

Hatua ya 8: Faili lako

Usiondoke bila eksirei za mwisho, maelezo ya kilichofanyika jino kwa jino, aina ya gundi, rangi ya kofia kwa namba yake, na kadi ya kipandikizi yenye stika: kampuni, aina, kipenyo, urefu, namba ya toleo. Piga picha stika hizo na ujitumie mwenyewe, maana karatasi hupotea.

Ukifika, mpelekee faili daktari wako wa awali. Wengine hununa na hawataki kugusa kazi ya mwenzao, kwa hiyo ni bora uwe umemwuliza kabla ya kusafiri. Baada ya miezi sita na baada ya mwaka, piga eksirei ya kila kipandikizi, ulinganishe kimo cha mfupa na picha ya siku ya kwanza. Ukiambiwa unasaga meno usingizini, vaa kinga ya meno usiku, maana kauri haipati maumivu ya kukuonya.

Kofia ikichomoka, na siku moja inaweza, ioshe, iweke kwenye kikopo chenye kifuniko, usiitupe. Tafunia upande mwingine. Gundi ya dukani ya kuunganishia viatu na vyombo usiiguse: inachoma fizi, na daktari atalazimika kuikata kofia nzima badala ya kuirudisha kwa dakika ishirini. Mpigie simu ukiwa na namba ya jino mkononi, na umwambie imehesabiwa kwa mtindo upi.